Tangawizi ya Baba Yako

Kambini, Ijumaa mchana

Minayo mwanangu,

Umekwenda kuwaaga rafiki zako na najua hamtaachana upesi, kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu kabla mvua ya mchana haijaanza kupiga mabati. Watu wa Yona watakuja kukuchukua kesho asubuhi uende kuolewa. Mambo ya nyumba sitakuandikia. Kupika unajua, kufua unajua, na huko Nakuru hutakosa jirani wa kukuonyesha wanakouza nyama nzuri. Nataka kuzungumza nawe juu ya neno ulilolisema Jumapili.

Tulikuwa tunakunja mashuka, mimi nimeshika ncha hizi na wewe umeshika zile. Uliniuliza nani atasimama nawe kanisani, nikakujibu kwamba baba yako mdogo atatoka Maragoli kuja kusimama. Ukalikung'uta shuka. Kisha ukasema, "Afadhali hivyo. Mungu anisamehe, mama, lakini afadhali baba hayuko. Angekuja amelewa, atuaibishe mbele ya watu wa Yona."

Mimi nikaendelea kukunja shuka. Nilikuletea ncha zangu, ukazipokea, tukachukua lingine. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, maana nilipaswa kukujibu na sikukujibu. Ulisema kweli juu ya baba uliyemjua. Ulimjua akirudi na viatu mkononi, ulimjua akiimba njiani mpaka mbwa wa kambi nzima wakaamka, na siku ile ya kufunga shule alipokuja amelewa ulijificha nyuma ya wenzako asikuone. Sikulaumu. Lakini kabla ya mtu huyo kulikuwa na mwingine, na wewe ulikuwa mdogo mno kumkumbuka. Mimi ndiye ninayemkumbuka, na nimekaa naye peke yangu muda mrefu kuliko haki.

Baba yako Hezron alikuja hapa akiwa kijana wa kuchuna majani ya chai. Mimi nilitoka Kisii kuja kumsaidia dada yangu aliyekuwa amejifungua, nikakaa. Hezron hakujua Kikisii, na mimi Kimaragoli kilinishinda ulimi, ndiyo sababu nyumba yetu ikawa ya Kiswahili. Tulichumbiana kwa Kiswahili cha kambi, tukagombana kwa hicho hicho, na ndicho ulichokinyonya.

Alikuwa mtu wa mikono safi. Usicheke. Sisi watu wa majani vidole vyetu vinashika weusi usiotoka hata ukisugua na mchanga, lakini yeye kila jioni alikaa na kipande cha ndimu akavisugua mpaka vikang'aa. Nadhani vidole hivyo ndivyo vilivyomfanya achukuliwe kule kwenye klabu ya mameneja. Alianza kwa kuosha glasi. Baadaye akavalishwa kanzu nyeupe akawa weta wa kupeleka vinywaji mezani, na yule mzee aliyekuwa akichanganya vinywaji aliporudi kwao, baba yako akawekwa nyuma ya kaunta. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, mameneja wakiwa bado Wazungu karibu wote.

Siku yake ya kwanza kwenye kaunta alikuja nyumbani na neno jipya.

"Leo nimetengeneza kokteli," akasema.

Nikadhani ni ugonjwa wa kuku. "Ni kitu gani hicho?"

"Ni vinywaji vilivyooana. Vingine havipatani kabisa mpaka uweke ndimu katikati, kama mzee wa kanisa."

Alikuwa na ulimi wa namna hiyo, baba yako. Mtu akija hapa na uso umekunjana, hakuondoka nao.

Lakini kaunta ilikuwa na ubaya wake. Wageni waliacha kidogo ndani ya glasi, na glasi hizo zilipita mikononi mwake. Alianza na mabaki hayo. Kisha mabaki hayakutosha, ikawa akitoka kazini anavuka mto kwenda kwa wanawake wanaouza pombe ya busaa. Ulikuwa hujaanza kutembea vizuri alipoanguka kwenye mtaro wa shamba siku ya mvua kubwa, akalala humo maji yakipita juu ya miguu yake. Aliyemwona ni arap Langat, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, aliyekuwa akirudi kutoka kupeleka maziwa. Alimpakia juu ya punda wake kati ya mikebe akamleta hadi mlangoni. Hakusema neno la kunitia aibu. Alisema tu, "Mama, mzee ako na baridi. Weka moto."

Kesho yake baba yako hakwenda kazini. Alikaa kwenye kigoda kile cha jikoni, mikono juu ya magoti, akasema, "Kerubo, hii kitu itaniua. Nataka kuiacha. Lakini huu mkono umezoea. Jioni ikifika unatafuta glasi. Nikiuacha mtupu, utaenda wenyewe kutafuta."

Nikamwambia aombe. Akaniambia, "Nitaomba. Lakini nikishasema amina, mkono bado uko hapa."

Alichukua kofia akaenda sokoni Kiptere, akarudi na tangawizi ndani ya gazeti, nanasi kwapani, na ndimu mifukoni.

Njia yake naiandika hapa kwa sababu sasa hakuna mtu mwingine anayeijua. Alichagua tangawizi mbichi, ile ambayo ngozi yake inatoka kwa ukucha. Aliiosha, hakuimenya, akaitwanga kwenye kinu na kipande cha mdalasini. Alichemsha maji peke yake, akayaacha yatulie kidogo, ndipo akayamwaga juu ya tangawizi ndani ya chungu na kufunika. Hakuipika motoni hata siku moja. Alisema moto unaondoa harufu na kuacha ukali peke yake, kama mtu aliyezeeka vibaya. Maji yakipoa aliweka sukari guru na maganda ya nanasi yaliyooshwa, akafunga mdomo wa chungu kwa kitambaa, na chungu kikakaa kwenye pembe yenye joto siku mbili. Ukiinama na kusikiliza, ulisikia povu likinong'ona. Siku ya tatu hakukigusa. Kilichobaki alikimwagia migomba.

"Siku ya tatu si yangu," alisema. "Siku ya tatu kinaanza kuwa kile nilichokimbia."

Alipangia chungu chake kiive Jumamosi, siku aliyokuwa na mapumziko ya mchana kabla ya kurudi kazini jioni. Mpishi wa klabu alimpa barafu ndani ya thamosi. Alichuja kwa kitambaa cheupe, akakoroga na asali aliyoleta arap Langat kutoka kwenye mizinga yake, akakamua ndimu, akatia maji ya nanasi lenyewe. Kisha ilikuja glasi. Alikuwa amepewa glasi za klabu zilizomeguka midomo, hakuna mbili zilizofanana. Aliipangusa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaipangusa tena. Barafu, halafu kinywaji, halafu jani moja la mnanaa alilolipiga kati ya viganja ili liamke. Akamletea mgeni kwa mikono miwili, kama vile mgeni huyo ndiye meneja mkuu.

Glasi ya kwanza aliniletea mimi. Nilikunywa, ikaniwasha koo kisha ikanipoza mpaka tumboni, na machozi yakanitoka.

"Kali?" akauliza.

"Kali," nikasema. "Niongeze."

Alicheka mpaka akashika meza.

Minayo, tulikuwa na miaka mitatu au minne ya Jumamosi kama hizo. Watu walianza kuja. Kwanza arap Langat na mkewe, kisha majirani wa laini yetu ya nyumba, kisha hata nyapara. Walikaa kwenye mabenchi nje, mvua ikianza wakaingia ndani wakabanana. Arap Langat akishapewa yake alipaza sauti kwa lafudhi ya kwao, "Hezron, hii gitu yako inakata giu mpaka ya kesho!" na watoto wote mkamwigiza, naye hakukasirika. Baba yako aliwauliza watu wamekuwa na wiki ya namna gani, na kwa kila jibu alibadilisha kidogo: mwenye mafua aliongezewa tangawizi, aliyefiwa aliongezewa asali. Wewe ulipewa ya kwako kwenye kikombe cha bati, nusu yake maji. Ulikaa mapajani mwake ukihesabu povu. Na mto hakuuvuka hata mara moja.

Ungefikiri mke mwenye akili angepiga magoti kila Jumamosi kushukuru. Nilishukuru mwanzoni. Baadaye nilizoea, na nilipozoea nikaanza kuangalia kando.

Nilitaka kitu, mwanangu. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa karibu kuchagua kiongozi, na jina langu lilitajwa. Mimi, niliyekuja hapa kufua nepi za dada yangu. Nilijiona nimekaa kwenye benchi la mbele na kitambaa cheupe kichwani. Siku hizo kiongozi alikuwa Mama Eseri, ambaye unampenda na ana haki ya kupendwa. Mwanawe wa kwanza aliuawa na chang'aa, unajua hivyo, na kwa ajili hiyo aliichukia pombe kwa chuki ambayo wengi wetu hatuna sababu ya kuwa nayo. Jumapili moja baada ya ibada aliniita pembeni.

"Dada Kerubo, kuna maneno," akasema. "Wanasema Jumamosi kwako watu wanashika glasi."

"Ni tangawizi, Mama Eseri."

"Mimi nakuamini. Lakini wanasema inatoa povu."

Hakuwa amenishtaki. Aliniuliza kama mtu mzima anavyomwuliza mwenzake. Ningeweza kumweleza yote, mtaro, punda, mkono unaotafuta glasi. Lakini kumweleza kungekuwa kumwambia kwamba mume wangu alikuwa mlevi, na hilo nililificha kanisani kama donda. Kwa hiyo nikasema, "Nitaangalia jambo hilo," kana kwamba kulikuwa na jambo.

Nilipomwambia baba yako, alicheka. "Povu ni la nanasi, si la shetani. Mwambie aje aonje."

"Siwezi kumwambia Mama Eseri maneno kama hayo."

"Basi nitamwambia mimi."

Nilifikiri anatania. Sikumwuliza tena.

Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wamejaa. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikikata sukuma wiki. Nilipozunguka kuja mbele niliwaona kwenye ua: Mama Eseri na akina mama wengine wawili wa kanisa, wamevaa vitambaa vyao vyeupe, wanakuja. Kichwa changu kikapata moto. Niliona mabenchi, niliona glasi zile za klabu mikononi mwa wanaume, nilisikia kicheko, na yote yakaonekana kwangu kama yatakavyoonekana kwao. Kwa dakika ile hata mimi niliamini kwamba nyumba yangu ni baa.

Baba yako alikuwa mezani, chungu mbele yake. Niliingia katikati ya watu, nikakishika chungu kwa masikio yake mawili, nikatoka nacho mpaka mlangoni, nikakimwaga uani. Nilikimwaga chote. Maganda ya nanasi yalitapakaa kwenye matope. Kisha nikasema kwa sauti ambayo akina mama wangeisikia, "Nimechoka! Mimi si mke wa mwenye baa!"

Hakuna aliyesogea. Arap Langat alikuwa ameinua glasi yake nusu, akaishusha polepole. Wewe ulikuwa umetoka nje, umechuchumaa, unaokota ganda la nanasi kwenye matope ulitie mdomoni. Nikakupiga kofi. Sijui kama unalikumbuka. Mimi nalikumbuka.

Mama Eseri alifika mlangoni, akayatazama matope, akanitazama mimi.

"Kerubo," akasema, taratibu sana, "sisi tumekuja kuonja. Baba Minayo alikuja kwangu jana kutualika."

Niligeuka. Baba yako alikuwa amesimama mahali pale pale. Mkononi alikuwa na glasi ambayo ilikuwa tayari, glasi nzuri kuliko zote, na jani la mnanaa juu yake. Ilikuwa ya Mama Eseri. Nilingoja anitukane. Ningetukanwa siku ile ningepona. Aliiweka glasi mezani, akafuta mikono yake, akasema, "Karibuni chai, akina mama," na akaenda jikoni kuwasha moto mwenyewe.

Walikunywa chai. Waliondoka mapema, na arap Langat alipopita karibu nami aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo haikuwa pombe. Hiyo ilikuwa dawa yake."

Utadhani jioni ile ile baba yako alivuka mto. Hakuvuka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, mwanangu, kwamba nilikuwa na muda. Alienda kazini, akarudi, akalala. Jumamosi iliyofuata alitengeneza ua wa kuku. Nyingine akaenda kumsaidia arap Langat kupalilia. Tangawizi ilikuwa bado jikoni kwenye gazeti lake, ikinyauka. Mama Eseri alinijia akaniambia wazi, "Mwombe atengeneze tena. Nitakuja mimi wa kwanza, nikae mbele ya watu wote ninywe." Nikamwambia nitamwomba.

Sikumwomba. Nilijiambia kwamba akitaka ataanza mwenyewe; kwani nilimkataza? Nilifikiri nikimwomba nitakuwa nimekiri mbele ya kambi nzima kwamba nilikosea, na nilikuwa nimeanza kuvaa kitambaa cheupe, maana walinichagua. Yeye naye alikuwa akingoja neno langu, nadhani. Tulikaa hivyo, kila mtu akimpisha mwenzake atangulie, mpaka siku moja nikaona tangawizi imekauka kama kipande cha kuni, nikaitupa. Mwezi huo ndipo alipovuka mto.

Mengine unayajua. Walimtoa kwenye kaunta wakamrudisha kwenye majani, na vidole vyake vikawa vyeusi kama vyetu, hakuvisugua tena. Mimi nilikwenda kuongoza akina mama kuombea waume walevi. Niliomba kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, lakini hakuna mtu aliyejua ninalia nini.

Ukimwona Yona na jambo litakalokufanya uogope macho ya watu, na litakuja, kila mtu ana lake, mwulize yeye kwanza. Mwulize lina kazi gani kwake. Mimi niliishi na mtu aliyekuwa akijenga daraja mbele ya macho yangu na sikujua ni daraja kwa sababu lilifanana na meza ya baa. Sikuambii usijali heshima. Nilitaka tu uone jinsi heshima yangu ilivyonigharimu, na kwamba si watu walioniwekea gharama hiyo, nilijiwekea mwenyewe. Watu walikuja kuonja.

Sasa nitakuambia la Kaplong, halafu nimalize.

Alipolazwa huko hospitali ya misheni, ulikuwa shule ya bweni, na nilikuandikia kwamba ni tumbo. Ilikuwa ini. Alikuwa amegeuka rangi, macho ya manjano, miguu imevimba, lakini akili ilikuwa imerudi safi kabisa, kwa maana hakuwa na pombe tena. Ilikuwa kama kumkuta mtu aliyekuwa safarini miaka mingi. Aliuliza habari za masomo yako. Alimtania mgonjwa wa kitanda cha pili mpaka sista akaja kuona ni kelele gani.

Siku moja nikamtengenezea tangawizi. Nilikuwa sijajaribu tangu siku ile. Niliitwanga, nikaichemsha, nikatia sukari, nikaisafirisha ndani ya thamosi kwa basi mpaka Kaplong. Nilimmiminia kwenye kikombe cha hospitali. Sista alikuwa ameruhusu kidogo. Aliinusa kwanza, kisha akaonja, akafumba macho.

"Umeipika motoni," akasema.

"Nilisahau."

"Haidhuru. Imezeeka vibaya, lakini ni yenyewe." Akatabasamu. Akanywa tena, kidogo. Nikaushika mkono wake pamoja na kikombe, tukakishika wote wawili. Kisha akanitazama, akasema, "Mama Minayo, siku ile..."

Nilijua ni siku gani. Hakukuwa na siku nyingine. Na mdomo wangu, huu huu, ukasema, "Usijichoshe na mambo ya zamani. Pumzika."

Akanitazama bado kidogo. Kisha akasema, "Haya," akarudisha kichwa kwenye mto, na akapumzika kama nilivyomwambia.

Aliishi majuma mawili baada ya hapo. Nilikwenda kila nilipopata nafasi. Tulizungumza juu ya ng'ombe wa arap Langat, juu ya mvua, juu ya karo yako. Kila mara nilitoka nyumbani nikisema leo nitamwuliza alitaka kusema nini, na kila mara nilimkuta mchangamfu au nikamkuta amelala, nikapata sababu. Labda alitaka kunilaumu. Labda alitaka kunisamehe, au kuniomba radhi yeye, kwa ujinga wa kualika watu bila kuniambia. Labda lilikuwa jambo dogo tu, juu ya ile glasi ya Mama Eseri. Sijui. Sitajua. Nimeolewa na mtu, nimezaa naye, nimemzika kwao Maragoli chini ya udongo mwekundu, na jambo la mwisho alilotaka kuniambia nililizuia mimi kwa neno la upole.

Kwa hiyo siku ile ya mashuka uliposema afadhali hayuko, na mimi nikanyamaza, nilikuwa narudia kazi yangu ya zamani. Sitaki uondoke na hilo. Huna haja ya kumsifu baba yako mbele ya watu wa Yona. Ukiulizwa, sema ukweli, alikunywa na pombe ikamuua. Lakini wewe mwenyewe ujue kwamba alikuwa amesimama, na alisimama kwa akili yake mwenyewe na kwa mikono yake, na hakuanguka peke yake. Kama una hasira iliyobaki juu ya siku ile ya kufunga shule, igawe. Sehemu kubwa nipe mimi. Nina miaka ya kutosha kuibeba, na afadhali unikasirikie niliye hai, naweza kukujibu.

Mvua imekatika. Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako ili uikute Nakuru, mbali nami, usome nami nisione uso wako. Ndivyo ningefanya zamani. Lakini naona gauni lako la kijani kwenye kijia kati ya majani, unatembea upesi, viatu umevishika usivichafue. Nimebadilisha nia. Ukiingia nitakuambia keti, nami nitakusimulia haya kwa mdomo, tangu mwanzo, na utaniuliza unachotaka. Sauti yangu ikikatika nitakupa karatasi hizi uendelee mwenyewe, lakini sitatoka kwenye kiti.

Umefika. Unapangusa miguu.

Mama yako,
Kerubo